Wapagazi wa Joto

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba maradhi ya Ebola yametokea katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, upande wa mashariki, ambako watu wengi husema Kiswahili. Siku saba baadaye, tarehe 8 Agosti, waganga walianza kuchanja watu katika mji mdogo wa Mangina, karibu na Beni. Maradhi haya yalijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, na kwa miaka mingi mganga hakuwa na kinga yake hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwatenga wagonjwa na kuzika wafu kwa uangalifu. Safari hii chanjo ilikuwapo. Lakini ilikuja na sharti gumu: wakati wote wa kungoja, ilipasa kukaa katika baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, kwa kipimo cha sentigredi.

Baridi hiyo haina mfano katika nchi ile. Beni iko karibu sana na mstari wa Ikweta. Friza ya kuwekea nyama hufika kama digrii 20 tu chini ya sifuri, na hata theluji ya milima ya Ruwenzori, iliyo jirani na Beni, haikaribii baridi ya digrii 80. Walakini sharti halikuwa la bure. Chanjo yenyewe ni kirusi kilicho hai, cha maradhi ya ng'ombe na farasi, ambacho wenye elimu wamekivika ngozi ya kirusi cha Ebola ili mwili wa mtu ujifunze kuitambua. Kikipata joto hupoteza nguvu. Chanjo ikiisha kuyeyuka, inaweza kukaa katika friji ya kawaida kwa siku 14 tu, wala haifai kugandishwa tena.

Baridi ya namna hiyo hupatikanaje katika nchi ya joto?

Watu husema kwamba mtambo fulani "hutengeneza baridi", lakini huo ni usemi tu. Kinachofanyika ni kuhamisha joto: kulitoa ndani ya sanduku na kulitua nje. Na mpagazi wa joto wa zamani kuliko wote yumo katika kila nyumba yenye mtungi. Mtungi wa udongo ukijazwa maji na kuwekwa penye upepo, hutoka jasho, na baada ya saa chache maji ya ndani huwa baridi kuliko hewa ya nyumbani. Sababu ni kwamba maji yanayopenya udongo hugeuka mvuke, na kitu chochote kigeukapo mvuke hakina budi kupata joto mahali fulani. Maji yale ya nje hulichukua katika mtungi na katika maji yaliyobaki. Tena kiasi chake ni kikubwa. Kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke yote kwataka joto zaidi ya mara tano ya lile lililotumika kuyapasha tangu ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Kila mpishi anaijua habari hii pasipo hesabu: sufuria huchemka upesi, lakini kuikausha ni kazi ya kuni nyingi.

Liko jambo la pili. Kila kioevu kina kiasi chake cha joto cha kuchemka, na kiasi hicho hubadilika kwa kadiri kioevu kinavyogandamizwa. Mombasa, penye usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Juu ya kilele cha Kilimanjaro hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa digrii 80 hivi, hata maharagwe hayaivi. Basi mgandamizo ukipungua, kioevu huchemka kwa joto dogo. Na mgandamizo ukizidi, mvuke hurudi kuwa kioevu ingawa mahali pana joto.

Friji ya nyumbani ni mambo hayo mawili yakifuatana. Ndani ya mabomba yake mna gesi iliyofungiwa, na siku hizi mara nyingi ni isobutani, ambayo huchemka kwa digrii 12 chini ya sifuri. Huchemka ndani ya sanduku na kubeba joto la nyama na maziwa. Kisha mvuke wake hufyonzwa na kompresa, yaani pampu iendeshwayo na umeme, ambayo huugandamiza na kuusukuma katika mabomba ya nyuma. Huko mvuke hugeuka kioevu na kuutua mzigo wake chumbani. Mtoto aguse nyuma ya friji atauhisi mzigo huo mkononi. Halafu kioevu hupita katika tundu jembamba sana, mgandamizo huanguka ghafula, nacho huchemka upya. Gesi haipotei wala haichakai. Ni mpagazi anayekwenda na kurudi mchana na usiku.

Sasa mtu aweza kuuliza kwa nini isijengwe friji ya namna hii yenye pampu kubwa zaidi, ikashuka mpaka digrii 80 chini ya sifuri. Watu walijaribu, wakakuta vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza kiko upande wa baridi. Propani, gesi iliyomo katika mitungi ya kupikia, huchemka kwa digrii 42 chini ya sifuri katika hewa ya kawaida. Ili ichemke kwa digrii 85 chini ya sifuri, yapasa kuifyonza mpaka mgandamizo wake uwe kama sehemu moja tu ya kumi ya mgandamizo wa hewa. Hapo mvuke huwa mwembamba mno, na kila pigo la pampu huchota kidogo sana, kama mtu anayeteka maji kwa kifuu kilichotoboka. Kisha mvuke huo mwembamba yapasa kugandamizwa zaidi ya mara mia ndipo ugeuke kioevu katika chumba chenye joto. Pampu moja haiwezi. Hupata moto hata mafuta yake yakaharibika. Amonia, inayotumika sana katika viwanda vya barafu, ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa maana ikifika digrii 78 chini ya sifuri huganda ikawa kitu kigumu, na kitu kigumu hakitembei katika mabomba.

Basi na ichaguliwe gesi iliyozaliwa kwa baridi, kwa mfano ethani, ambayo huchemka kwa digrii 89 chini ya sifuri. Upande wa baridi hufanya kazi vizuri kabisa. Taabu yake iko upande wa joto, na aliyeionyesha taabu hiyo ni Thomas Andrews, mwalimu wa elimu ya kemia huko Belfast. Mwaka 1869 alieleza kwamba kila gesi ina mpaka wake wa joto, na ikiwa juu ya mpaka huo haigeuki kioevu, hata ikigandamizwa kwa nguvu gani. Yeye aliupima mpaka wa gesi ya kaboni, akauona kuwa digrii 31. Mpaka wa ethani ni digrii 32, na wa ethilini ni digrii 9 tu. Katika chumba cha Mombasa mchana wa mwezi wa Februari, ethani itakaa gesi tu. Haiwezi kuutua mzigo wake kwa kugeuka kioevu.

Fikiri basi mzigo utokao penye theluji ya Kilimanjaro kwenda mpaka pwani ya Tanga. Mtu aliyezoea baridi ya juu huzimia katika joto la pwani, na mtu wa pwani hawezi kulala juu ya barafu. Msafara wenye akili hautafuti mpagazi mmoja wa ajabu. Yule wa juu huuchukua mzigo mpaka Moshi, akampa yule wa chini, naye huufikisha baharini. Ndivyo wenye elimu walivyofanya.

Wa kwanza kusifiwa kwa shauri hili ni Raoul Pictet wa Geneva. Siku zile oksijeni ilihesabiwa miongoni mwa gesi zisizoweza kabisa kugeuka kioevu. Hata Michael Faraday, aliyezishinda gesi nyingi, ilimshinda. Mwezi wa Desemba 1877 Pictet alichemsha gesi ya salfa ili ipoze gesi ya kaboni mpaka iwe kioevu, kisha akaichemsha ile ya kaboni ili ipoze oksijeni iliyogandamizwa sana. Alipofungua bilula, oksijeni ilitoka kwa kishindo na ndani yake mna matone. Mwezi uo huo Louis Cailletet wa Ufaransa alikuwa ameona ukungu wa oksijeni kwa njia nyingine, ya kuiachilia ghafula kutoka katika mgandamizo mkubwa, na mashindano yao yalizungumzwa sana. Hata hivyo njia ya Pictet, ya gesi kupokezana, ndiyo iliyoingia katika majokofu ya hospitali.

Jokofu la digrii 80 chini ya sifuri, likifunguliwa nyuma yake, huonekana kuwa na kompresa mbili na mizunguko miwili ya mabomba isiyochanganyika. Tuseme mzunguko wa chini una ethani na wa juu una propani. Ethani huchemka kwa digrii 85 chini ya sifuri kuzunguka sanduku la chanjo, na kompresa yake huigandamiza mara saba au nane tu. Kisha huingia katika chombo cha katikati, ambamo mabomba ya ethani na ya propani yamelazwa pamoja. Humo propani inachemka kwa digrii 40 chini ya sifuri. Ethani, yenye digrii 35 chini ya sifuri, hugeuka kioevu na kumpa propani mzigo. Zile digrii tano za tofauti haziwezi kuondolewa, kwa kuwa joto halihami lenyewe ila kutoka penye joto zaidi kwenda penye baridi zaidi. Propani nayo hugandamizwa kama mara kumi na mbili na kuutua mzigo chumbani. Kazi iliyoishinda pampu moja imegawanywa kwa pampu mbili, na kila moja yaiweza sehemu yake.

Mitambo hii ina desturi zake ambazo fundi asipozijua huharibu mali. Kompresa ya juu huanza kwanza. Ya chini hungoja mpaka chombo cha katikati kipoe, la sivyo ethani haina mahali pa kutua mzigo na mgandamizo hupanda mno. Tena umeme ukikatika na jokofu likapata joto, kioevu chote cha mzunguko wa chini hugeuka gesi. Ingepasua mabomba, kama si tangi la pembeni lililowekwa ili gesi ipate nafasi ya kutanuka.

Lakini gesi moja moja hazikutosha. Gesi yenye kiasi kizuri cha kuchemka yaweza kuwa na kasoro nyingine, na ndipo mafundi wakaanza kuchanganya, kama mpishi achanganyavyo unga wa mahindi na wa mtama apate ugali aupendao. Wakati mwingine mchanganyiko huleta ajabu. Gesi iitwayo R-23 huchemka kwa digrii 82 chini ya sifuri, na R-116 huchemka kwa digrii 78 chini ya sifuri. Zikichanganywa sehemu 46 za ya kwanza kwa sehemu 54 za ya pili kwa uzito, mtu angetazamia kuona kiasi kilicho katikati. Kumbe mchanganyiko huo, uitwao R-508B, huchemka kwa digrii 88 hivi chini ya sifuri, chini kuliko gesi zote mbili! Chembe za gesi hizo mbili hazipendani sana. Kila moja huisukuma nyingine itoke katika kioevu, na kwa hiyo zote hutoka upesi. Tena huchemka pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, nalo ni jambo la kumfurahisha fundi. R-508B ulitumika kwa miaka mingi katika mzunguko wa chini wa majokofu ya namna hii.

Michanganyiko mingine haina umoja huo. Mtungi wa gesi ya kupikia una propani na butani. Propani huchemka kwa digrii 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, na kwa hiyo propani hutoka kwa wingi mwanzoni, na butani nyingi hubaki nyuma. Katika nyanda za juu zenye baridi, moto hudhoofika asubuhi ingawa mtungi ukitikiswa bado una kioevu. Basi mchanganyiko wa namna hii ukivuja katika friji, yale yaliyobaki si mchanganyiko wa kwanza tena, na fundi mwangalifu huujaza ukiwa kioevu, asiujaze ukiwa mvuke, ili vipimo visipotoke. Wako pia wanaotia gesi nzito kidogo, kama pentani, kwa ajili ya mafuta ya kompresa. Mafuta hayo hutembea pamoja na gesi, na katika baridi kali huwa mazito kama asali na kubaki katika mabomba ya chini. Pentani huyalainisha yakarudi kwenye pampu yake.

Ila kasoro ile ya kutokwenda pamoja iligeuzwa na wengine ikawa faida kubwa, na huenda hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika ufundi huu. Mwaka 1936 Podbielniak alipata hati ya ugunduzi huko Marekani kwa kutumia mchanganyiko wa gesi, na mwaka 1959 A. P. Kleemenko wa Muungano wa Kisovieti alieleza jinsi ya kupata ngazi nzima kwa kompresa moja. Kompresa husukuma mchanganyiko wote, tuseme butani, ethani na methani. Hewa ya chumba hugeuza ile nzito tu kuwa kioevu. Chombo hukitenga kioevu hicho, nacho huachiliwa kichemke na kupoza mvuke uliobaki, hata gesi ya pili iwe kioevu. Hiyo nayo hutengwa na kuchemshwa, ikapoza ya tatu. Wapagazi wote hutoka mlango mmoja, na kila mmoja huachana na wenzake penye kituo chake. Kwa njia hii majokofu mengine hufika hata digrii 150 chini ya sifuri.

Faida hizi zililetwa na hasara. Mchanganyiko uliotangulia R-508B katika kazi hii, ulioitwa R-503, ulikuwa na gesi inayoharibu ozoni, ule utando wa juu angani unaozuia mionzi mibaya ya jua. Baada ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 uliachwa. R-508B hauharibu ozoni, lakini kilo moja ya R-23 iliyomo ndani yake ikitoka hewani huzuia joto la dunia kuliko kilo 10,000 za gesi ya kaboni. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wakapatana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Ndiyo maana viwanda vingi vimerudia propani na ethani, ambazo madhara yake hewani ni madogo sana. Zote mbili huwaka moto. Kwa hiyo hutiwa kidogo, mara nyingi gramu 150 au pungufu katika kila mzunguko, uzito usiofika nusu ya kopo la maziwa. Ni ajabu kwamba gesi kidogo hivyo hutosha kazi. Lakini mpagazi asiyepumzika hahitaji wenzake wengi.

Huko Kivu ya Kaskazini majokofu yenyewe hayakuweza kufuata kila njia ya vijijini, penye matope na pasipo umeme. Baridi yao ilibebwa kwa vyombo viitwavyo Arktek, vyenye kuta mbili na utupu katikati kama chupa ya chai. Ndani yake hutiwa vifuko vya kioevu kilichogandishwa kwanza katika jokofu la digrii 80 chini ya sifuri, na chanjo hukaa katika baridi kali kwa siku kadhaa pasipo mtambo wowote. Mchanjaji alitoa chupa ndogo, akaiacha iyeyuke mpaka pasionekane barafu ndani yake, akaipindua taratibu mara chache, ndipo akavuta sindano. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa hivyo. Waliokufa walikuwa 2,287, na tarehe 25 Juni 2020 ilitangazwa kwamba maradhi yale yamekwisha katika jimbo hilo.